Kiu ya Mama: Somo la Chakula Chetu cha Kila Siku



Ndugu zangu wa jumuiya, nilipoombwa niandike somo la afya la toleo hili, aliyeniomba alisema, "Wewe si unasomea uuguzi? Utaandika kwa usiku mmoja." Imenichukua majuma matatu. Si kwamba elimu yenyewe ni ngumu, kwani mengi nitakayoyasema yamo kwenye madaftari ya mwaka wa kwanza. Shida ni kwamba kila nikitaka kuanza na madaftari ninakumbuka chupa za soda nilizokuwa nikizibeba kwenda nyumbani, na naona ni afadhali nianze na hizo.

Kwetu ni Nakivale. Baadhi yenu mmefika pale, wengine mnapasikia tu. Ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa Mbarara, ikiwa mvua haijaharibu barabara. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea Wanyarwanda, na leo yana Wakongo, Wasomali, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Sisi tulitoka Uvira nikiwa na miaka tisa. Ukitaka kupajua Nakivale, pita njiani kabla ya Maghrib mwezi wa Ramadhani: nyumba hii inanukia sombe na mawese, ya pili inanukia wali wa Kisomali wenye hiliki na mdalasini, ya tatu wamepika matoke na maharage kama wenyeji wao wa Ankole.

Tangu nipate nafasi ya kusoma sikuwahi kwenda nyumbani mikono mitupu. Nilibeba soda nne za nusu lita, kilo mbili za sukari na mkate. Mama alikuwa akizipanga zile chupa juu ya meza ili jirani anayeingia azione. "Mwanangu amekuja na heshima," alikuwa akisema. Nanyi mnajua, kwetu mgeni aliyepewa maji amekaribishwa tu, lakini aliyepewa soda ameheshimiwa. Chai yenye vijiko viwili vya sukari ni chai ya mtu mchoyo.

Likizo moja, mwezi wa Rajab, nilienda na kipima sukari cha damu ili nijizoeze kukitumia. Asubuhi, kabla hatujanywa chai, nilimwambia Mama anipe kidole. Alicheka, akanipa. Namba iliyotokea ilikuwa 15.2. Nikafikiri nimekosea, nikamwosha mkono kwa sabuni, nikarudia kwa kidole kingine. Ikawa 15.4. Mtu ambaye hajala tangu usiku anatakiwa awe chini ya 6.1, na akifika 7.0 au zaidi, kipimo kikarudiwa siku nyingine na kikawa vilevile, huyo huhesabiwa ana kisukari.

Nilimuuliza maswali ambayo ningemuuliza mgonjwa yeyote wodini. Unaamka mara ngapi usiku kukojoa? Mara nne, tano. Tangu lini? Tangu mwaka jana. Macho? Yana ukungu. Miguu? Inawaka kama imepakwa pilipili. Na kiu? Hapo akanyoosha mkono kuelekea mezani. "Kiu ni ya jua la Isingiro," alisema. "Ndiyo maana hizi zako huwa nazificha. Kiu ikinizidi mchana, nakunywa nusu."

Ndugu yangu, sukari ikizidi katika damu, figo huimwaga kwa mkojo na maji yanaifuata. Mwili ukikauka unadai maji. Mama alikuwa anaujibu mwili wake kwa soda niliyomletea mimi, soda inaongeza sukari, sukari inamwaga maji mengine, na kiu inarudi ikiwa kubwa kuliko ya kwanza. Mwaka mzima, na mimi nasomea uuguzi kilomita chache kutoka hapo.

Basi tuanze na sukari, kwa hesabu, maana sisi ni watu wa chuo. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na akiweza abaki chini ya gramu 25, yaani vijiko sita. Hesabu hiyo inajumlisha yote: ya kwenye chai, kwenye mandazi, kwenye juisi ya paketi. Sasa chukua chupa ya soda ya nusu lita, geuza, soma lebo. Nyingi za kola zina gramu 10 na zaidi kwa kila mililita 100. Chupa nzima inapita gramu 50, kama vijiko kumi na tatu. Hakuna kati yetu ambaye angekubali kunywa kikombe cha chai chenye vijiko kumi na tatu, lakini ikiwa baridi na ina mapovu tunaimaliza kabla kipindi cha mchana hakijaanza, kisha tunashangaa saa tisa kwa nini kichwa kizito.

Mtu atasema: babu yangu alikula sukari maisha yote akafika miaka tisini. Sawa. Babu yako pia alilima kwa mkono na alikwenda msikitini kwa miguu. Wewe umekaa darasani saa sita, umerudi kwa boda, umekaa tena na simu. Misuli inayofanya kazi ndiyo inayochukua sukari kutoka kwenye damu. Kutembea dakika thelathini, siku tano za wiki, ni dawa ambayo haiuzwi popote, na kutoka Kakoba hadi mjini na kurudi inatosha kabisa.

Sitaki mfikiri somo hili ni la kisukari peke yake. Mama ndiye aliyenifungua macho, lakini nilipoanza kutazama sahani za watu niliona mengine.

Kuna dada mmoja wa jumuiya yetu, simtaji, ameniruhusu nisimulie. Alikuwa akiinuka kutoka sijda anaona giza. Siku moja akaanguka kabisa katikati ya rakaa. Wenzake wakasema ni jini, na kwa muda wa miezi miwili akawa anasomewa. Mimi sipingi ruqya, na kuwako kwa majini ni jambo la imani yetu. Nilichomuuliza ni kama amewahi kupima damu. Hakuwahi. Alipopima, hemoglobini ilikuwa 7.9. Mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya 12 tunasema ana upungufu wa damu. Dada huyu alikuwa amebakiwa na damu kidogo hata moyo unakimbia akipanda ngazi moja, na sisi tunamtafutia jini.

Nikamuuliza anakula nini. Asubuhi chai na chapati. Mchana posho na maharage, na chai. Usiku chai na mkate. Mnasikia hiyo chai? Majani ya chai yana kitu kinachoyashika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini. Maharage yana chuma, tena cha kutosha, lakini ukiyasindikiza na chai unayafungia mlango. Kahawa nayo hufanya hivyo. Weka angalau saa moja kati ya chakula na chai, kabla na baada. Na kuna mlinzi wa mlango anayefanya kinyume chake: vitamini C. Kamulia limau juu ya maharage, kula nyanya mbichi, chungwa au pera baada ya chakula, na chuma kile kile kilichokuwa kinapotea kinaingia. Ndimu moja kwa siku si gharama. Chuma cha nyama, ini na samaki huingia kwa urahisi zaidi, na kati ya hivyo samaki mdogo mkavu, ambaye Waganda humwita mukene na sisi Wakongo ndakala, ndiye anayefikiwa na mfuko wa mwanafunzi. Mle mzima na mifupa yake, upate na chokaa ya mifupa yako.

Lakini chakula peke yake hakikumtosha dada yetu. Kwa 7.9 unahitaji vidonge, na unahitaji kutafutiwa chanzo: malaria, minyoo, au hedhi nyingi kupita kiasi, jambo ambalo dada wengi huona haya kulisema hata kwa daktari mwanamke. Hapo kwenu wasichana nasema waziwazi kama kaka yenu: semeni. Leo anaswali bila kuanguka, na amekasirika kwamba hakuna aliyemwambia habari ya chai.

Turudi Nakivale. Wale mliozaliwa katika shamba la ndizi pengine hamwezi kujua kula unga wa mahindi miezi mitatu mfululizo kukoje. Mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa mwaka 2020, ukapunguzwa tena 2021, na mwaka 2023 tukagawanywa kwa makundi: wanaopata zaidi, wanaopata kidogo na wasiopata. Mwezi Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kwamba limelazimika kuwakatia msaada watu milioni moja katika nchi hii kwa kukosa fedha. Nyumba nyingi sasa hula mara moja, na kinacholiwa ni kile kinachojaza tumbo kwa bei ndogo, nacho ni bugali mtupu.

Tunapofundishana adabu za kula, tunapenda kutaja ile hadithi ya tumbo kugawanywa theluthi: ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi. Ni mafundisho mazito na wengi wetu hapa chuoni tunayahitaji. Ila niliwahi kuyasikia yakisemwa mbele ya watu wa Nakivale, na mzee mmoja wa Kirundi akacheka kwa upole akasema, "Sheikh, theluthi ya chakula tumekwisha kuipunguza." Kwa watu kama hawa swali si wapunguze kiasi gani. Ni kile kidogo walicho nacho kichanganywe vipi.

Mahindi yakiliwa peke yake kwa muda mrefu yana hatari yenye jina. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikosa karanga katika mgao wao. Mahindi yaliendelea kuja, tumbo lilijaa. Baada ya miezi, watu zaidi ya 18,000 wakapata ugonjwa wa pelagra: ngozi inayopigwa na jua inakauka na kubabuka, tumbo linaharisha, na mwisho akili inavurugika. Kilichokosekana kilikuwa vitamini moja, niasini, ambayo karanga inayo tele na mahindi yameifunga isitoke. Konzi ya karanga tu! Tangu nisome habari hiyo sidharau mchuzi wa karanga, na kila nikimpelekea Mama kitu, karanga haikosekani.

Karanga hizo zichambueni, lakini. Punje iliyosinyaa, yenye weusi au ukungu, au chungu mdomoni, itemeni na itupeni. Mahindi yaliyovunwa yakalowana yana ukungu unaotengeneza sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Inashambulia ini. Kenya, mwaka 2004, katika Ukambani, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa. Nimeona watu wakiosha mahindi yenye ukungu, wakiyaanika na kuyapeleka mashineni kwa sababu kuyatupa ni israfu. Israfu ambayo Allah ametukataza katika Suratul Aaraf, pale alipotuamrisha kula na kunywa, haiwezi kuwa hoja ya kula sumu. Wala usimpe kuku, utakuja kumla.

Uganda yenyewe ina somo zuri la kuchanganya chakula, na inasikitisha kwamba wanafunzi wengi wa afya hulisikia kwa mara ya kwanza wodini. Katika miaka ya 1960, pale Mulago, Kampala, kilianzishwa kituo cha lishe kinachoitwa Mwanamugimu kwa ajili ya watoto waliovimba kwa kwashiakoo. Madaktari waliona kwamba mtoto akitibiwa kwa maziwa ya unga anapona, akirudi nyumbani anavimba tena, kwa kuwa mama hana maziwa ya unga. Wakaanza kuwafundisha mama zao kupika kitobero: chakula cha nguvu kama matoke au viazi, kunde au maharage au karanga iliyopondwa, kitu kidogo cha mnyama kama yai, maziwa au mukene, na mboga ya kijani. Vyote vinafungwa pamoja kwenye jani la mgomba lililobabuliwa, fungu linaloitwa ettu, na linawekwa juu ya sufuria ile ile ya matoke ya nyumba nzima. Halihitaji moto wa pili. Mtoto ana fungu lake, haligombaniwi na wakubwa.

Mimi nilifanya kitobero cha mtu mzima chumbani kwangu Kizungu na sasa ndicho chakula changu cha usiku. Wenzangu walinicheka kwamba nala uji wa watoto. Wanacheka kidogo siku hizi.

Kuhusu kikomando, maana najua mnangoja niitukane: sitaitukana. Chapati iliyokatwa na kumwagiwa maharage imetusomesha wengi. Kilicho kizuri ndani yake ni maharage, na kilicho kibaya ni kwamba wauzaji wanaongeza chapati na kupunguza maharage. Mwambie muuzaji: chapati moja, maharage ya chapati mbili. Wengi wanakubali kwa bei ile ile au kwa nyongeza ndogo. Beba parachichi lako mfukoni, huku Mbarara si haba, na nyanya mbichi. Umepata mlo ambao mtaalamu wa lishe hana la kuulaumu isipokuwa mafuta ya chapati. Rolex nayo, ukisisitiza mayai mawili, kabichi na nyanya, inaishinda soda na mandazi kwa mbali. Pesa ya soda moja ya nusu lita inanunua mayai matatu au manne. Pigeni hesabu wenyewe ya wiki.

Maziwa tumebarikiwa. Ankole ni nchi ya ng'ombe na Mbarara ndiyo mji wa maziwa. Ila yachemsheni. Fasheni ya kunywa mabichi kwa kuwa "ni ya asili" inaleta homa ya brusela, na hiyo inaweza kukuvunja viungo miezi. Na bushera, uji wa mtama au wimbi wa wenyeji wetu, ni kinywaji bora kuliko chochote cha kwenye chupa, kikiwa kipya. Kikikaa siku nyingi kinachachuka na kuwa kileo, kwa hiyo muulize mama muuzaji ni cha lini kabla hujasema bismillahi.

Chumvi nitaipitia haraka. Kijiko kimoja cha chai kwa siku, gramu 5, ndio mwisho, na humo hesabu vile vipande na unga wa kiungo cha mchuzi tunavyomwaga kila chunguni. Punguza kidogo kidogo, ulimi unazoea katika majuma machache. Presha haikupigi hodi. Mwenye umri wowote apime angalau mara moja kwa mwaka, na jamaa wa vitivo vingine mkiona wanafunzi wa uuguzi na udaktari wamebeba mashine, simamisheni tu, sisi tunatafuta mikono ya kujifunzia.

Kwa wale wa Nakivale wanaosoma jarida hili likifika kule: gunia. Jaza udongo na samadi, toboa pembeni, panda lengalenga na sukuma. Maji ya udhu yakingeni kwenye beseni, yanatosha gunia mbili. Mawese msiyachome mpaka yawe meupe, ule wekundu ndio vitamini A yenyewe. Sombe itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu bila kifuniko, sumu ya muhogo itoke.

Sasa nirudi kwa Mama, maana nilimwacha na vidole vilivyotobolewa.

Alipelekwa kliniki, kipimo kikarudiwa, akapewa metformini. Alimeza dawa bila ubishi na soda akaacha siku ile ile. Ubishi ulikuja mwezi wa Shaaban. Daktari alimwambia: mwaka huu usifunge, sukari yako bado iko juu sana. Mama alirudi nyumbani akakaa kimya siku mbili, kisha akanipigia simu. "Mwanangu, nimefunga tangu nikiwa msichana. Nimefunga njiani tukikimbia. Leo nikiwa na paa juu ya kichwa ndio nile mchana?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na takwimu, na takwimu si jibu la swali kama lile. Nilikwenda kwa sheikh mmoja hapa mjini, nikamweleza namba zote. Alinisikiliza, kisha akaniuliza jambo moja tu: daktari huyo anatarajia sukari itashuka, au amekata tamaa? Nikasema anatarajia. Akasema, basi mwambie mama yako asiharakie fidia. Kibaba cha chakula kwa kila siku ni cha mgonjwa asiyetarajiwa kupata nafuu. Yeye ni katika wale wa aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara, waliopewa ruhusa kwa ugonjwa wakamaliza hesabu siku nyingine. Na akaongeza maneno ambayo niliyabeba kama nilivyokuwa nikibeba zile chupa: Aliyefaradhisha funga ndiye aliyetoa ruhusa, na kukataa ruhusa yake kwa kujidhuru si uchaji.

Nilisafiri kwenda kumwambia ana kwa ana. Mdogo wangu wa kike alisema, "Yaya, ukimwambia kwa simu atakata." Mama alisikiliza. Akauliza, "Nitalipa mwenyewe?" Nikamwambia utalipa mwenyewe, inshallah. Ramadhani ile alipika futari ya nyumba nzima na ya jirani, na mchana alikula chumbani, mlango umefungwa.

Wenye wazazi wagonjwa wa kisukari shikeni haya. Muoneni daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani, si siku ya kuandama. Anayechoma insulini asijipangie dozi mwenyewe. Aliyeruhusiwa kufunga apime mchana. Tone la damu la kidoleni halibatilishi funga, ndivyo wanavyosema wanachuoni wengi wa leo. Sukari ikishuka chini ya 3.9 afungue palepale, hata ikiwa zimebaki dakika kumi. Ikipanda juu ya 16.6 afungue vilevile, anywe maji na atafute tiba. Daku aichelewesha, na iwe ya vyakula vinavyokwenda polepole: kalo, viazi vitamu, maharage, yai. Futari aanze na tende moja au mbili na maji, aswali, kisha ale chakula. Ile sahani ya sambusa, mandazi na chai ya vijiko vinne inayotangulia chakula ndiyo inayowaangusha hata wasio wagonjwa. Sisi tunaoishi karibu na ikweta funga yetu haizidi saa kumi na nne mwaka wowote, ni rehema ambayo ndugu zetu wa Ulaya hawana kila mwaka, kwa hiyo hatuna udhuru wa kufuturu kama tuliofunga saa kumi na tisa.

Sukari ya Mama ilichukua miezi minne kushuka. Ilishuka kwa dawa, kwa kutembea kila asubuhi hadi kisimani na kurudi, kwa bugali nusu na lengalenga sahani nzima. Daktari alimwangalia upya, akamruhusu alipe siku zake mojamoja, si mfululizo. Anafunga Jumatatu na Alhamisi. Karatasi za kipimo ni ghali, nazinunua kwa pesa niliyokuwa nikinunulia soda, na anazitumia siku za funga tu. Saa saba mchana dada yangu humpima na kunitumia namba kwa simu.

Alhamisi iliyopita ilikuwa 6.8. Zimebaki siku kumi na moja. Chini ya namba kulikuwa na ujumbe wa Mama mwenyewe, ameuamuru uandikwe: "Ukija leta mayai trei moja, na limau. Mkate usilete."